Ubao wa bakarati: kusoma njia zake tano, na kuukagua unapokosea

Mteja kwenye meza ya bakarati, mchezo wa karata wa kasino, anaonyesha kwa kidole skrini inayoandika matokeo ya raundi zilizopita na kusema ubao unadanganya, na mgawa karata hajui amjibu nini. Mara nyingi ubao hauna kosa lolote: mteja ameona alama nyekundu kwenye Njia ya Mende, moja ya njia tano za ubao huo, akadhani upande uitwao Benki umeshinda. Mara nyingine kosa lipo kweli, tena liliingia raundi nyingi nyuma, na limevuruga kila kilichoandikwa baada yake. Kazi yetu ni kufunga skrini hizi kwenye kasino na kuwafundisha wanaozitumia. Tunataka mgawa karata, msimamizi wa meza na mchezaji wote waweze kuusoma ubao kwa namna moja, kwa sababu ugomvi mwingi wa mezani huanzia hapo.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa kifupi. Bakarati huchezwa kwa pakiti 8, yaani karata 416, zilizochanganywa na kupangwa ndani ya kasha. Mchezaji na Benki ni majina ya pande mbili, si watu. Aliyekaa mezani huweka dau upande autakao, au huweka kwenye sare. Ree ni 1, karata za 2 hadi 9 zina thamani yake, na 10, jeki, malkia na mfalme ni sifuri. Jumla ikivuka 9, hubaki tarakimu ya mwisho: 7 na 8 hufanya 5. Karata ya tatu hutolewa kwa kanuni iliyokwisha andikwa, na hakuna mtu mezani mwenye hiari nayo. Kasha moja hutoa raundi kama 70 hadi 80, kisha karata huchanganywa upya na ubao hufutwa.

Desturi ya kufuatilia matokeo kwa njia hizi imeshamiri zaidi Macau, mji uliopita barabara kuu ya kasino ya Las Vegas kwa mapato ya michezo ya kubahatisha mwaka 2006, na ambako sehemu kubwa ya mapato hayo hutoka kwenye bakarati. Huko wachezaji hutembea kati ya meza wakikagua mbao kabla ya kuketi. Wachezaji wa Kichina wanaokaa kwenye meza za Dar es Salaam au Nairobi wanatarajia kukuta ubao uleule, na wanaujua vizuri kuliko wafanyakazi wengi wanaouendesha.

Mbao mbili za mwanzo

Ubao wa shanga ndio rahisi na ndio wenye kumbukumbu kamili. Kila raundi hupata ushanga mmoja, hata ya sare. Una mistari 6 ya kulala; hujazwa kutoka juu kwenda chini, kisha unahamia safu ya wima iliyo kulia. Nyekundu ni Benki, bluu ni Mchezaji, kijani ni sare. Ndani ya ushanga huwa na herufi B, P au T (kwa Kiingereza Banker, Player na Tie), au za Kichina 庄, 闲 na 和. Kidoa chekundu pembeni maana yake Benki ilipata jozi katika karata zake mbili za kwanza; kidoa cha bluu ni jozi ya Mchezaji.

Njia Kubwa huonyesha mfululizo. Upande uleule ukiendelea kushinda, duara jipya huwekwa chini ya lililotangulia. Upande mwingine ukishinda, unafungua safu mpya kulia. Sare haipati kisanduku chake: huchorwa mstari wa kijani juu ya duara la mwisho. Mfululizo ukijaza mistari yote 6, au ukikuta chini kumeshajaa, hupinda kulia na kuwa kile wachezaji wanachoita mkia wa joka. Hapo ndipo wanaoandika kwa kalamu hukosea sana. Mkia si safu mpya. Katika hesabu, duara la saba na la nane bado ni mali ya safu ileile, kana kwamba ubao ungekuwa na kina kisicho na mwisho.

Chukua raundi hizi 11, B ikiwa Benki, M Mchezaji na S sare:

B, B, M, B, B, S, B, M, M, B, M

Kwenye Njia Kubwa zinatoa safu sita zenye urefu wa 2, 1, 3, 2, 1 na 1. Safu ya tatu ina mstari wa kijani kwenye duara lake la pili, kwa sababu sare ilitokea hapo.

Njia tatu zinazotokana na Njia Kubwa

Hizi ni Jicho Kubwa, Njia Ndogo na Njia ya Mende. Hapa nyekundu na bluu hazimaanishi tena Benki na Mchezaji, na hilo likikaa kichwani nusu ya maswali ya wateja huisha. Nyekundu inasema Njia Kubwa imejirudia. Bluu inasema imeachana na umbo lake la nyuma. Ili mtu asichanganye, Jicho Kubwa hutumia maduara matupu, Njia Ndogo maduara yaliyojazwa, na Njia ya Mende vistari vya mshazari.

Kanuni ni mbili, na zinatosha kwa njia zote tatu. Raundi ikifungua safu mpya kwenye Njia Kubwa, linganisha urefu wa safu mbili zilizo nyuma yake: zikilingana andika nyekundu, zisipolingana andika bluu. Raundi ikiongeza duara chini ya safu iliyopo, tazama safu ya nyuma kwenye mstari huohuo, kisha kisanduku kilicho juu yake katika safu hiyo ya nyuma: vyote viwili vikiwa na alama, au vyote vikiwa vitupu, andika nyekundu, cha juu kikiwa na alama na cha chini kikiwa kitupu, andika bluu.

Tofauti ya njia hizi ni umbali wa kutazama nyuma. Jicho Kubwa hutazama safu ya kwanza kushoto, Njia Ndogo ya pili, Njia ya Mende ya tatu. Kwa ulinganishaji wa urefu, zote tatu huanza na safu ya kwanza kushoto mwa safu mpya. Jicho Kubwa huilinganisha na ya pili kushoto, Njia Ndogo na ya tatu, Njia ya Mende na ya nne. Kwa hiyo Jicho Kubwa huanza kuandikwa kwenye duara la pili la safu ya 2, na kama halipo, duara la kwanza la safu ya 3. Njia Ndogo huanza safu moja mbele ya hapo, na Njia ya Mende mbili mbele.

Tuurudie mfano wetu. Jicho Kubwa linaanza raundi ya 4, iliyofungua safu ya 3: safu ya 2 ina urefu 1 na ya 1 ina 2, hazilingani, bluu. Raundi ya 5 iko mstari wa pili. Safu ya 2 haina kitu hapo lakini ina duara juu yake, bluu tena. Ya 6 ni sare, inarukwa. Ya 7 iko mstari wa tatu, na safu ya 2 ni tupu mstari wa tatu na wa pili, nyekundu. Ukiendelea hivyo unapata bluu, bluu, nyekundu, bluu, nyekundu, bluu, bluu. Alama hizi nazo hupangwa kama Njia Kubwa: rangi ikibadilika, safu mpya.

Njia Ndogo kwa raundi hizohizo inatoa nyekundu moja na kufuatiwa na bluu tano. Njia ya Mende inatoa nyekundu tatu mfululizo.

Tunaomba msomaji atulie hapa. Raundi 11 zilezile. Njia moja inasema mpangilio umevurugika mara tano mfululizo, nyingine inasema kila kitu kinajirudia. Hakuna iliyokosea. Zinalinganisha safu tofauti, na hakuna hata moja iliyo na habari ambayo haikuwamo kwenye Njia Kubwa. Mchezaji anayesema "njia zote zimekubaliana" ameona ulinganishaji wa aina tatu wa kumbukumbu moja, si mashahidi watatu.

Ubao haujui raundi ijayo

Ukiacha sare, kwa pakiti 8 Benki hushinda asilimia 50.68 na Mchezaji 49.32. Tofauti hiyo inatokana na kanuni ya karata ya tatu, kwani Benki huongeza au kutoongeza kulingana na alichopata Mchezaji. Safu ndefu ya nyekundu haiongezi wala kupunguza namba hiyo kwa kiwango ambacho mtu anaweza kukitumia, kwa sababu ubao unaandika nani ameshinda, hauandiki karata zipi zimebaki ndani ya kasha.

Kinachoamua gharama ya mchezaji ni dau analochagua. Kwa kila shilingi 100,000 zinazowekwa, wastani unaobaki kasino ni kama shilingi 1,060 upande wa Benki baada ya kamisheni ya asilimia 5 inayokatwa kwenye ushindi, shilingi 1,240 upande wa Mchezaji, na shilingi 14,360 kwenye sare inayolipa 8 kwa 1. Dau la jozi linalolipa 11 kwa 1 huacha kama shilingi 10,360. Hakuna muundo wa ubao unaogeuza hesabu hizo. Kwa hiyo tunawaambia wagawa karata wasimwambie mteja kwamba "sasa inakuja Benki", hata kwa kumchangamsha. Wamweleze alama inavyosomwa, basi.

Kosa likiingia

Chanzo cha kawaida ni kitufe kisicho sahihi. Madhara yake hayabaki kwenye raundi moja. Tuseme katika mfano wetu raundi ya 3 iliingizwa kuwa Benki. Safu tatu za kwanza zinaungana kuwa moja yenye urefu wa 6. Jicho Kubwa linabaki na alama 3 badala ya 7, Njia Ndogo alama 1 badala ya 6, Njia ya Mende haina kitu. Kosa la ushanga mmoja limefuta ubao karibu wote wa chini.

Ukaguzi wa haraka ni huu. Jumlisha Benki, Mchezaji na sare. Jibu lazima lilingane na namba ya raundi. Mfano wetu ni 6, 4 na 1, jumla 11. Hesabu hii hukamata raundi iliyorukwa au iliyoingizwa mara mbili, lakini haikamati rangi iliyobadilishwa. Kwa hilo, linganisha ubao wa shanga na karatasi ya mteja anayeandika mwenyewe. Kisha tazama visanduku vya utabiri, vile vinavyoonyesha rangi zitakazoandikwa Benki au Mchezaji akishinda raundi ijayo. Kwa kila njia iliyokwisha anza, rangi za visanduku hivyo viwili lazima zipingane, siku zote. Zikifanana, programu ina hitilafu, wala si mgawa karata.

Kosa likionekana kabla ya raundi inayofuata, msimamizi hulifuta kwa kitufe cha kurudi nyuma na kuingiza upya. Likiwa la nyuma zaidi, mashine nyingi hudai kufuta raundi moja moja hadi kulifikia, kisha kuziingiza tena zote kwa mpangilio, zikiwemo sare na jozi. Fanya hivyo madau yakiwa yamesimamishwa, na waambie walio mezani kinachofanyika. Malipo yaliyokwisha tolewa hayaguswi: mshindi huamuliwa na karata zilizofunuliwa mezani, ubao ni kumbukumbu tu.

Ukishindwa kurekebisha, tupigie ukiwa na namba ya meza, namba ya raundi na picha ya skrini nzima. Usifungue kasha jipya kwenye mashine kabla ya kupiga picha hiyo, kwa sababu kufungua kasha hufuta ubao wote na hatutakuwa na cha kulinganisha.