Kengeza la ghafla kwa mtoto halisubiri

Mhariri,

Kurasa za afya zimeandika mengi kuhusu saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi. Saratani ya shina la ubongo haitajwi sana kwa kuwa ni nadra. Lakini ikiingia katika nyumba ya Lamu au Malindi, watu hawajui waanzie wapi, na wiki za mwanzo huishia kwenye dawa ya macho na dawa ya malaria.

Shina la ubongo ni kipande kifupi kinachounganisha ubongo na uti wa mgongo, ndani ya kisogo. Mishipa ya fahamu ya macho, uso, ulimi na koo hutoka humo, njia za mikono na miguu hupita humo, na amri ya kupumua iko humo. Ndiyo maana uvimbe mdogo tu huleta balaa nyingi kwa pamoja: jicho linageukia puani na mtoto anaona vitu viwili viwili, mdomo unakwenda upande, mguu mmoja unalegea, mwendo unayumba, maji yanampalia. Kengeza la kuzaliwa nalo ni jambo jingine. Kengeza lililoanza wiki hii kwa mtoto aliyekuwa na macho sawa, tena akiwa anayumba, lataka picha ya ubongo. Akiongeza kuumwa kichwa alfajiri na kutapika, huenda maji ya ubongo yamezibiwa njia. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni kukodi boti usiku mpaka Mokowe, gati la upande wa bara.

Picha yenyewe iwe MRI, ile ya mashine ya sumaku. CT skeni huvurugwa na mifupa minene ya chini ya fuvu, na wengi huambiwa "haina kitu" kumbe uvimbe upo. Barua ya rufaa itaje shina la ubongo kwa jina, na wazazi wahakikishe mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali, umelipwa kabla ya kuondoka nyumbani. Kuhangaikia malipo mkiwa Mombasa ni kupoteza siku.

Majibu nayo yasisomwe kwa haraka. Si kila uvimbe wa hapo ni wa aina moja. Ulio mbaya zaidi huitwa glioma ya ponsi inayotawanyika (ponsi ni sehemu ya kati ya shina): huenea ndani ya nyama ya shina bila mpaka, na hukumba hasa watoto wa miaka 5 hadi 10. Huo haukatwi, kwa sababu kuukata ni kukata shina lenyewe. Lakini upo uvimbe wenye mpaka, unaokua polepole, ambao baadhi hufanyiwa upasuaji na mwingine huangaliwa tu kwa miaka. Na katika nchi kama yetu kuna kifua kikuu cha ubongo, ambacho kwenye picha chaweza kufanana na saratani na kinatibika kwa dawa. Muulizeni daktari waziwazi: ni ule unaotawanyika, au una mpaka? Kifua kikuu kimefikiriwa?

Kwa ule unaotawanyika, tiba iliyothibitika ni mionzi. Dozi ya kawaida ni grei 54 (grei ni kipimo cha mionzi), zinazogawanywa mara 30, siku 5 kwa wiki, yaani wiki 6. Madaktari wa Misri walijaribu grei 39 kwa mara 13 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014: watoto waliishi muda unaokaribiana. Kwa familia itakayopanga chumba Nairobi, tofauti ya wiki 6 na wiki 3 si ndogo, na ni haki yao kuuliza. Mtoto hulala akiwa amevaa maski ya plastiki ili kichwa kisisogee. Wadogo hupewa dawa ya usingizi kila siku. Wengi hupata nafuu ya miezi kadhaa, hutembea na kucheza tena, kisha ugonjwa hurudi. Kwa kawaida mgonjwa huishi miezi 9 hadi 12 tangu kugunduliwa, na wanaofika miaka 2 ni chini ya 1 kati ya 10. Ni maneno mazito, lakini mzazi anayefichwa ndiye anayeuza shamba kwa tiba isiyokuwepo. Karen, binti wa mwanaanga Neil Armstrong, alifariki kwa ugonjwa huu Januari 1962 akiwa ametibiwa kwa mionzi, na hadi leo mionzi ndiyo tegemeo. Agosti 2025 Marekani iliidhinisha dawa ya dordaviproni kwa waliorudiwa na uvimbe wenye badiliko la jeni liitwalo H3 K27M. Katika majaribio uvimbe ulipungua kwa asilimia 22 ya wagonjwa. Ni hatua, wala si ponyo.

Kazi kubwa basi iko nyumbani, na hapo ndipo makosa hutokea.

La kwanza ni deksamethasoni, dawa ya kupunguza kufura ndani ya ubongo. Apewe baada ya chakula, dozi ya mwisho isipite alasiri, la sivyo hatalala. Atavimba uso, atakula sana, atakuwa mkali. Hiyo ni dawa, si tabia. Msiikate ghafla kwa sababu uso umevimba. Mwili uliokwishazoea dawa kwa wiki kadhaa huacha kutengeneza homoni yake wenyewe, na mgonjwa huishiwa nguvu, hutapika, hata kuzimia. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa mpango wa daktari. Mgonjwa mtu mzima asiruke dozi kwa ajili ya saumu.

La pili ni kumeza, nalo ndilo lenye hatari zaidi, kwa kuwa chakula kikiingia njia ya hewa huleta nimonia. Akae wima kabisa, kidevu kikielekea kifuani, alishwe kwa kijiko kidogo, kimoja kimoja, na kila kijiko asubiriwe ameze. Maji, chai na madafu ni hatari kuliko uji mzito. Wali mkavu hutawanyika mdomoni. Mkate uliochovywa kwenye chai ni mbaya zaidi, maana una kigumu na maji kwa pamoja. Bokoboko laini, ndizi mbivu iliyopondwa na uji wa nazi uliokolea hupita vizuri. Akikohoa, au sauti ikawa ya majimaji baada ya kumeza, simamisheni. Akimaliza, asilazwe kwa nusu saa. Kombe, yaani aya za Qur'ani zilizooshwa kwa maji, nalo ni maji: anayepaliwa na apakwe, asinyweshwe. Sidhani yupo mwalimu atakayekataa. Kumeza kukishindikana kabisa kuna mrija wa kulishia unaopitia puani, na familia iamue mapema kama inautaka.

Jicho lisilofumba litiwe matone ya kulainisha na usiku lifungwe kwa plasta laini, lisije likapata kidonda. Asiyejigeuza ageuzwe kila saa 2.

Maumivu na kukosa pumzi hutulizwa na mofini ya maji, kila saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo ni wa kawaida. Mofini iliyopimwa sawasawa haimuui mgonjwa, na kumnyima kwa hofu hiyo ni kumtesa bure. Coast Hospice ya Mombasa hufanya kazi hii. Kwa kaunti tuna ombi moja: mofini na mtu aliyefunzwa kuitoa visikosekane Faza wala Mpeketoni, kwa sababu dozi ya kila saa 4 haiwezi kungoja boti.

Wahudumu wa huduma shufaa (ya kumtuliza mgonjwa asiyepona),
Langoni, Lamu.