Barua kwa form six wapya wa Tabora Boys kabla njuka, wale wageni wa form five, hawajafika

Wajukuu zangu mnaoingia form six, na viranja hasa hasa, salamu nyingi. Marahaba, nimeitikia kabla hamjaniamkia. Mimi ni babu yenu tu, nilipita hapo hapo miaka ya sabini, na tangu TAMISEMI watoe majina ya form five nimejikuta nawawaza nyie kuliko hao wanaokuja, maana mgeni hana la kufanya zaidi ya kupokewa, nyie ndio mnaopokea.

Mniwie radhi nitaanzia mbali, wazee ndivyo tulivyo.

Hiyo shule Mwingereza hakuijenga kwa ajili ya watoto kama mimi. Ilianza miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, kwa sababu alishapiga hesabu kwamba nchi kubwa hivi ataitawala kwa mgongo wa machifu, na Gavana Donald Cameron alipofika 1925 ndo akaushikilia kabisa utaratibu huo, chifu anakusanya kodi, chifu anaamua kesi, bwana mkubwa amekaa bomani anaangalia. Kwahiyo walitakiwa vijana wanaojua kusoma, kuandika na Kiingereza, na zaidi ya yote waliozoea kuamrisha wenzao. Viranja, wakuu wa mabweni, kupanga mstari, vyote vilichukuliwa kwenye shule za wakubwa kule Uingereza, hadi watu wakawa wanaiita Eton ya Tanganyika. Najua mkisikia hivyo vifua vinajaa. Mimi siku hizi nikisikia nakuna kichwa tu, maana huko Eton kwenyewe kwa miaka mingi mtoto mdogo alikuwa anamtumikia mkubwa, anamchemshia chai, anamsafishia viatu, na wakaita hayo ni malezi. Sasa kijana wa kitanzania anamfulisha njuka soksi af anakwambia hii ni mila ya shule yetu babu, mila ya nani? Haikuanzia Unyamwezini hiyo.

Sisemi kwamba hapo kwenu kuna uonevu, sipo hapo, sijui. Ila shule za bweni nchi hii nazijua, mchezo ni ule ule: njuka anateka maji ya watu watatu, njuka anaimbishwa usiku juu ya tranka lake, karanga na sukari alizofungiwa na mama zinaisha siku ya kwanza na yeye mwenyewe hajaonja. Na nyie mna mchepuo wa kijeshi juu yake, kwata, vyeo, amri, vitu vizuri kabisa vikiwa mikononi mwa mtu mwenye akili, na vibaya sana kwa mtu wa miaka 18 aliyepewa cheo juzi.

Sasa twende kwa yule mtoto wa Butiama. Nyerere kafika hapo 1937 akitokea Mwisenge, Musoma, mtoto wa chifu naye, Chifu Burito wa Wazanaki, kwahiyo kwa hesabu za Mwingereza alikuwa ndo mwanafunzi hasa aliyekusudiwa. Michezo hakuwa nayo sana, yeye ilikuwa maktaba na debeti, na aliposoma habari za skauti akasaidia kuanzisha kikundi cha skauti shuleni. Wenzake walikuja kumkumbuka kama mtu anayetaka namba moja hasa, msidhani alikuwa malaika asiyejali pepa. Walimu wakampendekeza awe kaka mkuu. Hedimasta akakataa, na sababu aliyotoa ndo inayonifurahisha mpaka leo: eti ni mpole mno, ana huruma sana, hawezi kazi hiyo.

Hebu fikirieni, shule nzima imetengenezwa kutafuta watawala, na mtawala mwenyewe amekaa darasani, wakamwona hafai kwa sababu hana ukali wa kutosha. Walichokuwa wanapima ni sauti.

Na kuna lingine, hili linanigusa zaidi. Machi 1942, yuko mwaka wake wa mwisho hapo, baba yake akafariki. Akaomba ruhusa aende kumzika, wakamkatalia. Reli ya Mwanza ilikuwepo tangu 1928, siyo kwamba njia haikuwepo. Kijana ana miaka 19 au 20 hivi, anazikiwa baba yake mbali huko na yeye yuko bwenini na madaftari. Viranja naomba hapa mnisikilize vizuri. Simu hamruhusiwi kuwa nazo, kwahiyo taarifa ya msiba ikija inapitia kwa mwalimu, na mtoto anaambiwa ofisini, anatoka pale peke yake anarudi bwenini kwa watu wanaopiga soga. Asirudi peke yake. Kaka mkuu au kiranja wa bweni awe naye, amfungie begi lake, aende naye kwa mwalimu wa zamu usiku huo huo kama kuna ruhusa ya kuomba, na akiondoka mtu mmoja wa kombi yake, anayesoma masomo yale yale, amnakilie notsi zote za siku alizokosa. Haihitaji bajeti wala kibali cha wizara.

Alafu mnajua hadithi ilivyoendelea. Januari 1958 TANU wanakutana mkutano mkuu, mji gani? Hapo hapo Tabora. Ajenda ngumu, uchaguzi wa kura tatu, kwamba kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Muasia, na wajumbe wengi hawautaki hata kuusikia, wanataka kususia. Nyerere akasimama akaongea akawageuza, kwa maneno tu, wakaingia kwenye uchaguzi na wakashinda, na huo ndo unaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu yeye hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake cha ANC. Lakini tazameni, ule upole uliomnyima ukaka mkuu haukumzuia kuzungumza na ukumbi mzima wenye hasira, tena pengine ndo uliomsaidia, na mazoezi ya kusimama mbele ya watu yalianzia kwenye debeti za mji huo huo, miaka kama ishirini nyuma. Af 1963 serikali yake ikafuta mamlaka ya machifu. Mtoto wa chifu, kasomeshwa shule ya watoto wa machifu, ndo anafunga kazi ya uchifu. Cameron angekuwa pale sijui angesema nini. Na hakuwa peke yake aliyetoka hapo, Mzee Kawawa naye ni wa hapo hapo, aliyeshika uwaziri mkuu 1962.

Kwahiyo jina la shule lisiwalevye. Jina mnalojivunia limetengenezwa na watu waliokataa kuwa kile walichotengenezewa.

Debeti basi, ifufueni kama imelala. Enzi zetu njuka ndo alikuwa anapewa nafasi ya kuzungumza mwanzo, siyo mwisho watu wakiwa wamechoka, na form six mmoja alikuwa na kazi ya kukaa naye mchana kumsaidia kupanga hoja, halafu usiku huyo huyo form six anakaa upande wa pili kumpinga. Kuna jamaa alitoka kijiji cha ndani kabisa, Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza kama changu, akapanda, akatetemeka, akapigiwa makofi akiwa hajasema hata sentensi mbili, na siku hizi yule bwana akianza kuongea kwenye vikao kumnyamazisha ni kazi nyingine.

Masomo sina mengi, nyie watu wa PCM na PCB, fizikia, kemia na hesabu au baiolojia, mnanizidi kila kitu. Msuli pigeni, wani ya tatu, ile division one ya pointi tatu, tafuteni, ila mtu anayeficha madesa, notsi zake za kusomea, chini ya godoro ili mwenzake asiyaone namuonea huruma, baraza la mitihani, NECTA, halitoi nafasi moja tu kwa shule nzima.

Nimalizie na hili la vifaa. Ada ya form five na six imefutwa tangu 2022, jambo jema, sisi tunakumbuka wazazi waliohangaika hata kwa ile 70,000. Lakini fomu ya kujiunga bado inataka jembe lenye mpini, fyekeo, ndoo, rimu ya karatasi, godoro, shuka, na nauli ya mtoto aliyepangwa kutoka Newala au Ngara mpaka Tabora siyo ndogo. Atakuja mmoja hana fyekeo, mwingine ameazima tranka la mjomba wake lisilofunga. Usiku wa kwanza bwenini hicho ndo kitu kinachochekwa, na anayeanza kucheka mara nyingi ni kiranja.

Kabla Julai haijaanza kusanyeni majembe, mafyekeo na ndoo walizoacha form six waliomaliza Mei, najua yapo, yamerundikwa nyuma ya mabweni yanaota kutu. Tieni mipini mipya, yahesabuni, mpeni mwalimu wa stoo orodha. Ratiba ya mabasi na treni mnaijua kuliko mimi, kaka mkuu aombe ruhusa wawepo watu stendi na stesheni, hasa kwa wanaoshuka usiku. Na yule mnayesema ni mpole mno hawezi kusimamia bweni, mpeni bweni la njuka.

Babu yenu, form six wa zamani.