Malalamiko: ramani ya QR mliyoniuzia haijui wateja wangu walipo

Tabora
12 Juni 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: RIPOTI ZA MAHALI ZISIZO SAHIHI, NA WATEJA WANGU KUOMBWA MAHALI WALIPO BILA MIMI KUJUA

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mfungashaji wa asali. Nainunua kwa wafugaji nyuki wa Sikonge, naichuja, naiweka kwenye chupa na kuisambaza madukani Tabora, Singida, Mwanza na Dar es Salaam. Kila chupa ina QR, ile alama ya miraba ambayo mteja anaiskani kwa kamera ya simu ili afungue ukurasa wangu, na QR hizo mnanitengenezea nyinyi. Tangu Novemba mwaka jana nalipia kifurushi chenu cha juu, kile ambacho ofisa wenu wa mauzo alisema kitanionyesha kila skani imetokea wapi. Cha kawaida ni shilingi 15,000 kwa mwezi, mimi nalipa 45,000. Hiyo 30,000 ya ziada ni bei ya ramani peke yake, na ramani ndiyo ninayoilalamikia.

Hadi mwisho wa Februari QR za chupa zangu zilikuwa zimeskaniwa mara 214. Ripoti yenu ikasema 197 zimetoka Dar es Salaam. Nikaamini. Ramadhani ilikuwa inaingia, na mwezi huo asali haikai dukani, kwa hiyo katoni 15 zilizokuwa ziende Mwanza nikazigeuza njia kwenda Dar. Kumi la kwanza la mfungo halijaisha, wenye maduka wa Mwanza wakaanza kunipigia: rafu tupu, watu wanaulizia. Dar katoni 9 zililala stoo mpaka Idi ikapita, na nauli ya kuzirudisha nimelipa mimi.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku. Nikaenda na mpwa wangu kwenye duka moja karibu na Soko Kuu hapa Tabora, tukashika chupa moja juu ya kaunta, nikaiskani kwa simu yangu. Baada ya dakika moja ripoti ikaandika Dar es Salaam. Tukaweka laini ya mtandao mwingine, Dar tena. Kijana akawasha VPN, programu inayopitisha intaneti ya simu kwenye seva ya mbali, ikaandika Amsterdam. Mwenye duka akanipa hongera, asali imevuka bahari. Tulipoivuta ramani karibu, tukakuta zile skani 197 zote zimerundikana juu ya nukta moja mjini Dar, kana kwamba watu wote hao walipanga foleni pale pale na chupa mkononi.

Mpwa wangu alinieleza kwa nusu saa jambo ambalo nyinyi hamkunieleza kwa miezi saba. QR yenyewe haina macho. Ndani yake mmeweka kiungo kifupi kinachopita kwenye seva yenu kabla ya kumfikisha mteja kwenye ukurasa wangu. Seva inaona saa, aina ya simu na anwani ya IP, yaani namba ambayo simu inatumia kuingia intaneti. Basi. Mahali mnapakisia kutokana na hiyo IP, na mwenye simu akiwa Urambo, data yake mara nyingi inaingia intaneti kupitia mitambo ya kampuni ya simu iliyoko Dar. Mliniuzia mlango wa mtandao mkaniambia ni mlango wa mteja. Wala si jambo geni. Mwaka 2016 iliandikwa habari ya shamba moja karibu na Potwin, Kansas, Marekani, ambalo lilisumbuliwa miaka na polisi na watu wenye hasira, kwa sababu tu mamilioni ya IP zisizojulikana mahali pake zilipachikwa kwenye nukta iliyoangukia hapo. Nyinyi ndio wenye biashara hii, hamwezi kuniambia hamjui.

Niliwalalamikia kwa simu mwezi Aprili. Jibu lenu ndilo lililonikera zaidi. Bila kuniuliza, mkaweka kabla ya ukurasa wangu ombi la kusoma GPS ya simu. Nilijuaje? Mama mmoja wa Igunga alinipigia kwa namba iliyo kwenye chupa: "Mwanangu, asali yako inataka kujua ninapokaa ya nini?" Alitaka tu kusoma tarehe ya kuvunwa. Nilikosa cha kumjibu. Wengine wamebonyeza Zuia wakaondoka, na wapo waliobonyeza Ruhusu bila kujua wanampa nani. Jina lililo juu ya ukurasa ule ni langu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mtu anapaswa kuelezwa taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani. Wateja wangu hawakuelezwa neno, na lawama zinakuja kwangu.

Lililoniuma ni kwamba hitaji langu lilikuwa dogo. Nilitaka kujua mzigo wa mkoa gani unaskaniwa. Ningechapa QR tofauti kwa kila mkoa, za Mwanza zake, za Singida zake, ningehesabu bila kumpeleleza mtu, tena kwa kifurushi cha 15,000. Ofisa wenu angeweza kuniambia hivyo siku ya kwanza.

Naomba basi mniondolee ombi hilo la GPS leo hii, mfute taarifa za mahali mlizokwisha kukusanya kupitia ukurasa wangu, na mnieleze kwa maandishi kama kuna mwingine aliyepewa taarifa hizo. Nirudishieni shilingi 210,000, yaani ile 30,000 kwa miezi saba, pamoja na nauli ya katoni 9 ambayo risiti yake nimeambatisha. Na kwa kuwa viungo vinapita kwenu, na vibandiko 3,000 nimeshavichapa, nataka hakikisho kwamba havitakufa nikiacha kulipa: viungo viendelee kuelekeza kwenye ukurasa wangu kwa miezi 12.

Nawapa siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Zikipita, nakala itakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pamoja na picha za skrini za majaribio yale, ile ya Amsterdam ikiwemo.

Wenu,
Mfungashaji wa asali, Tabora