Wifi yangu, kuhusu kile kitabu

Wifi,

Simu zangu hupokei, na kwenye grupu ya familia ulijiondoa mara tu baada ya mazishi. Basi nakuandikia hapa, na wengine wasome wakitaka. Mzee alipolemewa ni wewe uliyemwosha na kumlisha, sisi watoto wake tukituma pesa tu kutoka Kisumu. Hilo nitakushukuru mpaka nife.

Lakini na lile la jikoni nyuma ya nyumba halinitoki. Ulipekua mkoba wa binti yako, ukatoa kitabu nilichompa, ukakifungua palepale unapopataka (ulijuaje ni wapi?) ukasoma kwa sauti mbele ya akina mama waliokuwa wakimenya viazi. Kisha ukawaelezea akina nyanya kwa Kijaluo ili wasipitwe. Wakacheka. Mwanao alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Ukauchana ukurasa, ukawashia jiko. “Zawadi ya shangazi hiyo,” ukasema.

Ulichosoma ni Speak, cha Laurie Halse Anderson, kilichotoka Marekani mwaka 1999. Melinda anakwenda kwenye karamu mwezi wa Agosti, kabla hajaanza shule ya upili. Pombe ipo, mzazi hayupo. Mvulana mkubwa anambaka. Anawapigia polisi, karamu inavunjika, na shule nzima inamtenga kwa ajili ya simu ile, bila kujua kwa nini alipiga. Mwaka mzima anakuwa kama bubu. Kubakwa kwenyewe kunasimuliwa kwa ufupi, na kunakuja pale msomaji ameshamjua msichana huyu na kumpenda. Wewe ulianzia hapo na kuishia hapo.

Kasoro zipo. Mizaha mingi ya makundi ya shule za Kimarekani hata mimi ilinipita, wazazi wa Melinda wamechorwa harakaharaka, na pambano la mwisho ndani ya chumba cha mifagio cha shule limenyooka kupita kiasi. Lakini ile kazi ya sanaa, Melinda kuhangaika mwaka mzima kuuchora mti mmoja na mti ukataa kuwa hai, mwandishi wa kawaida haiwezi.

Na kuna ukurasa ambao ungenishika nao ningekusikiliza. Melinda anajikwaruza mkono kwa klipu ya karatasi, mama yake anaona, anasema hana muda wa mambo hayo. Huo ndio ulionisumbua kabla sijampa mwanao, maana mtoto wa miaka 14 huiga. Nilimwambia akifika hapo anipigie. Alinipigia. Tulizungumza mpaka salio likaisha. Je, kwako alikwenda? Ulimuuliza?

Kwao pia kinapigwa vita. Mwaka 2020 kilikuwa cha nne katika orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi, na shutuma mojawapo ni kwamba kinawaonea wavulana. Wavulana, wifi!

Unasema nimeingilia malezi yako. Mambo haya msichana wa kwetu aliambiwa na nani? Zamani walilala siwindhe, nyumba ya wasichana, na pim, yule bibi mzee aliyewalea humo, akawafunza habari za mwili bila kumung’unya maneno. Siwindhe hakuna tena. Mimi ndiye waya wake, shangazi yake, nina kazi mjini na wikendi chache, na nilikisoma chote kabla ya kumkabidhi. Binti sina, ndiyo. Ulilitaja hilo pia, pale pale jikoni.

Sasa niambie: usiku ule ule spika zilipiga mpaka alfajiri. Disko matanga, ile ngoma ya usiku ya msibani inayopigwa marufuku kila mwaka. Vijana wa boda walijaa, chang’aa ikazunguka nyuma ya migomba, na wasichana wa rika la mwanao walikuwa huko huko gizani. Wewe ndiye uliyesema waacheni wamchezee babu yao. Karamu ya Melinda ni ipi kama si ile? Kitabu kinachomweleza mtoto yanayoweza kumpata mahali kama pale kikawa uchafu, na mahali penyewe pakawa heshima kwa marehemu.

Nakala nyingine ninayo hapa Kondele, Kisumu. Sitampa bila wewe kujua, ila nawe kisome kuanzia ukurasa wa kwanza ndipo tugombane vizuri. Pesa ya kile ulichochana sizitaki. Ninachotaka ni umwite mtoto mbele ya wale wale waliocheka, umwambie kwamba hakufanya kosa lolote kukisoma.