Rivabu ya amplifaya ipimwe kabla ya kukatwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwafikie wapiga gitaa na mafundi wa vyombo vya muziki wa Mwanza kuhusu jambo ambalo limekuwa la kawaida mno mjini kwetu. Amplifaya ya valvu, yaani inayokuza sauti kwa mirija ya kioo badala ya chipu, ikipoteza rivabu, yaani ule mwangwi wa springi unaoipa sauti ya gitaa upana wa ukumbi, fundi hukata nyaya mbili zinazokwenda kwenye kisanduku cha springi, humrudishia mwenyewe chombo chake na kumshauri anunue pedali. Bendi na kwaya nyingi, kuanzia Kirumba hadi Igoma, zimekwisha kuupokea ushauri huo kwa sababu unaonekana nafuu, ilhali mara nyingi hitilafu yenyewe ni ndogo na ingeweza kugunduliwa bila hata kuifungua chesisi, lile sanduku la chuma lenye nyaya na vipuri vya umeme.

Mfumo huu hauna siri. Ulizoeleka kwanza katika vinanda vya Hammond vya Marekani, kisha kampuni ya Fender ikautoa kama kifaa cha pekee mwaka 1961 na kuuweka ndani ya amplifaya ya Vibroverb mwaka 1963, na amplifaya nyingi zinazofika kwetu, ziwe za kampuni hiyo au zilizoiga michoro yake, bado zinafuata mpango ule ule. Sehemu ya sauti ya gitaa hupitia valvu ya 12AT7 na transfoma ndogo hadi kwenye koili iliyo upande mmoja wa kisanduku. Koili hiyo hutikisa kisumaku kilichoshikamana na ncha ya springi, mtikisiko husafiri kwenye springi, na ukifika upande wa pili kisumaku kingine huugeuza kuwa umeme dhaifu wa milivolti chache tu, ambao valvu ya 12AX7 huukuza na kuurudisha kwenye sauti kuu. Kwa hiyo kuna njia ya kwenda, kuna springi zenyewe, na kuna njia ya kurudi, na kazi ya fundi ni kujua ni ipi kati ya hizo iliyokatika.

Aanze na pedali ya miguu. Katika amplifaya hizi pedali huzima rivabu kwa kuipeleka sauti yake ethi, hivyo waya wake ukishoti ndani ya plagi rivabu hufa hata kama kila kitu kingine ni kizima. Ichomolewe, na huenda kazi ikaishia hapo. Ikiwa bado kimya, nobu ya rivabu iwekwe katikati na amplifaya itikiswe kidogo. Ukisikia kishindo kama radi, springi na njia ya kurudi ni nzima, na lawama inaangukia njia ya kwenda. Usiposikia kitu, chomoa kisandukuni plagi ya waya wa kurudi na uguse pini yake ya katikati kwa bisibisi, kidole kikiwa kwenye chuma chake: mvumo ukitoka kwenye spika, valvu ya kurudisha inafanya kazi na tatizo liko kwenye kisanduku. Jaribio hili lifanywe tu kwenye amplifaya yenye waya wa ethi, kwa sababu zile za zamani zenye plagi ya pini mbili ni hatari na zinapaswa kubadilishiwa waya kabla ya jambo lingine lolote.

Njia ya kwenda nayo ina jaribio ambalo mafundi wetu wachache hulitumia. Spika ndogo ya omu 8, hata iliyong'olewa kwenye redio mbovu, ikiunganishwa mahali pa kisanduku kwenye tundu la kutolea, itapiga gitaa kwa sauti nyembamba ikiwa valvu na transfoma yake ni nzima. Ikinyamaza, kwanza ishukiwe valvu. Katika amplifaya ya Fender iitwayo Twin Reverb na ndugu zake, ukihesabu valvu ndogo kutoka kulia ukiwa nyuma ya amplifaya, ya 3 na ya 6 zote ni 12AT7, kwa hiyo amplifaya ikishazimwa na valvu zikapoa unaweza kuzibadilishana nafasi na kusikiliza. Rivabu ikirudi lakini sauti yote ikadhoofika, mbovu umeipata bila kununua chochote.

Kisanduku kipimwe kwa mita kikiwa kimechomolewa pande zote mbili, na hapa ndipo ninapoona visanduku vizima vikihukumiwa. Kile chenye koili ya kuingilia ya omu 8 huonyesha chini kidogo ya omu 1, na fundi aliyezoea kuona namba kubwa hudai kwamba koili imeshoti. Haijashoti, hizo omu 8 ni za impidansi, yaani ukinzani dhidi ya umeme wa sauti unaobadilika-badilika, ambayo mita ya kawaida haiipimi. Upande wa kutolea husoma karibu omu 200. Mita isiposoma kitu upande wowote, tazama kwanza waya mwembamba sana unaotoka kwenye koili hadi kwenye tundu la plagi, kwa sababu ndio unaokatika kwa mitikiso ya barabarani, na tone moja la risasi ya kulehemu humaliza kazi. Matundu yenyewe hushika kutu na ukungu, hasa kwa wanaopiga muziki kwenye hoteli za ufukweni, na kuyasafisha si kazi ya kudharau.

Iwapo koili imekufa kabisa, kisanduku kibadilishwe, lakini kisibadilishwe kwa kupimwa urefu kwa rula. Visanduku viwili vyenye umbo moja, sentimita 43 hivi, vinaweza kuwa na koili zisizofanana hata kidogo, na tofauti hiyo imeandikwa kwenye namba iliyogongwa kwenye bati. Namba ya 4AB3C1B, inayofaa amplifaya nyingi za Fender za mtindo wa zamani, inasomeka hivi: 4 ni aina ndefu yenye njia mbili za springi, A ni omu 8 za kuingilia, B ni omu 2,250 za kutolea, 3 ni mwangwi mrefu, C inaeleza kwamba tundu la kuingilia halikugusa bati na la kutolea limegusa, 1 ni kukosa kufuli la kuzuia springi, na B ya mwisho ni kulala kifudifudi, mdomo ukitazama chini. Kisanduku chenye E mahali pa A, kilichokusudiwa amplifaya za chipu, kikifungwa kwenye transfoma ya valvu hutoa mwangwi hafifu, kisha mwenye duka analaumiwa kwa kuuza bandia.

Kuhusu mvumo nina neno la hapa kwetu. Amplifaya nyingi za mitumba ni za volti 120, nasi umeme wetu ni wa volti 230, kwa hiyo mwenyewe hununua transfoma ya kushusha umeme na, ili isimsumbue kubeba, huifunga ndani ya kabati, pembeni mwa kisanduku cha springi. Koili ya kutolea hunasa sumaku ya transfoma hiyo na kuvuma kila nobu inapopandishwa. Transfoma itolewe nje na iwekwe mbali, na kisanduku kifungwe upande wake wa kutolea ukiwa mbali pia na transfoma kubwa ya amplifaya yenyewe.

Anayelazimika kuingia ndani ya chesisi ajue kwamba mle kuna zaidi ya volti 400, na kapasita huendelea kuzishika baada ya plagi kuchomolewa. Zitolewe chaji kupitia rezista na zipimwe kwa mita kabla ya mkono kuingia.

Ombi langu kwa wauzaji wa vipuri wa jijini ni moja: wanapoagiza visanduku, waandike namba kamili kwenye risiti badala ya kuandika "springi ndefu", na wakubali kukirudisha kisichofanana na namba aliyoiomba mteja.

Fundi wa vyombo vya muziki,
Kirumba, Mwanza.