Saa ya mwaka wa kuzaliwa ifunguliwe kwanza

Mhariri,

Nilizaliwa Kondoa mwaka 1973, mwaka ule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma. Basi nikatamani saa ya mkono ya Omega ya umri wangu. Muuzaji akaniapia ni ya 1973 hasa, uso unang'aa kama sahani mpya. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka! Fundi wangu pale Majengo akafungua mfuniko wa nyuma: namba iliyochongwa kwenye mashine ni ya miaka ya 60, na uso umepakwa rangi upya, herufi zimevimba. Wenzangu, msitoe hela kabla mfuniko haujafunguliwa mbele yenu. Yangu ninayo bado. Kila asubuhi naitia ufunguo, inachelewa dakika nne tu.

Msomaji wako,
Kikuyu, Dodoma