Tafakari ya wiki: nyavu mchana kweupe

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Samahani nimechelewa, umeme ulikatika tangu jana jioni.

Someni Luka 5, mstari wa 1 hadi 11. Sisi wa Mwanza tunaielewa habari hii kuliko wengi. Petro amekesha ziwani, hajapata kitu, anaosha nyavu zake. Yesu anamwambia ashushe tena, kilindini. Mchana! Mvuvi yeyote pale Mwaloni Kirumba angecheka. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi hupumzika. Petro aliijua kazi yake, tena wenzake walikuwa wanamtazama. Mimi naona kilichokuwa kigumu kwake ni hiyo aibu, kuliko uchovu. Hata hivyo alishusha, kwa sababu tu aliyesema ni Yesu.

Kingine: samaki walipozidi, aliwapungia wenzake wa chombo cha pili waje wasaidie. Hakuficha. (Sisi tukipata mteja mzuri tunanyamaza kimya, au nasema uongo?)

Sasa, mbalamwezi ndiyo hii. Kuna nyumba za wavuvi humu kwenye kikundi ambazo wiki hii hazina kipato. Yakobo sura ya 2 anatuonya tusimwambie mwenye njaa "nenda kwa amani" na kumwacha hivyo hivyo. Kwa hiyo Alhamisi saa 11 jioni, kila mmoja aje na alichonacho: unga, mchele, sabuni. Mama mweka hazina atapokea. Majina ya watakaopewa hayatatajwa humu, na tafadhali msiulize.

Atakayeshindwa kufika aniandikie pembeni.